Kidonda Kimefungwa, Kibofu Je?

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiojifunga, akishafanyiwa upasuaji pale MOI Muhimbili, Bugando au KCMC, ukoo mzima hupumua. Nauli ilichangwa, kidonda kimefungwa, mama amerudi na mwanawe. Kuanzia hapo tunajitoa mmoja mmoja, na mtoto anabaki na hatari isiyoonekana kwa macho: kibofu chake.

Mishipa ya fahamu inayotoka chini ya uti wa mgongo ndiyo inayokiongoza kibofu, lini kibane na lini kilegee. Kwa wengi wa watoto hawa mishipa hiyo iliharibika wakiwa bado tumboni, na kushona mgongo hakuirudishi. Mkojo unajaa usitoke wote. Yale matone yanayolowesha nguo mara nyingi ni ya kufurika tu. Unaobaki unazalisha vijidudu, na shinikizo likizidi unapanda hadi kwenye figo. Mtoto hasikii maumivu ya kumshtua mtu. Homa zinakuja na kuondoka, zinaitwa malaria, dawa zinanunuliwa, huku figo zinaharibika.

Kinga ya figo hizo haihitaji mtambo. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Jack Lapides, na wenzake walionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujiingizia mpira mwembamba kibofuni, akamwaga mkojo, akauchomoa, akarudia baada ya saa chache, kwa mikono iliyooshwa vizuri tu. Mzazi hufundishwa kazi hii hospitali, na watoto wengi wakifika umri wa shule huweza kujifunza wenyewe. Tatizo ni kwamba inafanywa mara nne au tano kwa siku, kila siku, miaka yote. Ratiba hiyo ndiyo inayomshinda mama anayeuza genge, wala si uzembe kama wengine wetu tunavyopenda kusema.

Basi tugawane kazi. Kamati za shule, tunaomba choo kimoja chenye komeo, maji na sabuni, na mwalimu mmoja anayejua kwa nini mwanafunzi huyu lazima atoke darasani saa nne. Mtoto akizuiwa, atalowa. Akilowa atachekwa, na akichekwa ama atabaki nyumbani, ama ataacha kunywa maji ili asilowe tena, jambo linalozidi kumuumiza. Wazazi wenzangu, ukimsikia wako akimwita mwenzake kikojozi, usicheke naye.

Masheikh, mapadri na wachungaji, wapo akina baba waliokimbia nyumba zao wakidai hii ni laana ya upande wa mama. Hao wanakaa mbele yenu kila wiki. Waambieni kwamba si laana.

Kuhusu fedha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Diwani na mbunge wakija mkutanoni, tudai jambo moja bila kupindisha: mipira ya mkojo na dawa za kulegeza kibofu zitajwe kwa jina kwenye kitita cha bima hiyo, na zipatikane karibu na nyumbani kwa mtoto. Wakati tunasubiri, sikubali kwamba hatuna uwezo. Mtaa unaokusanya mamilioni kwa ukumbi wa harusi ya usiku mmoja hauwezi kushindwa na mipira na sabuni.

Halafu kuna watoto ambao hawajatungwa bado. Uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba, wakati wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vina foliki asidi, inayosaidia uti huo kujifunga, ila anayeanza kliniki mwezi wa nne vitamfaa kwa damu tu. Kwa mgongo amechelewa. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Uingereza na kutangazwa 1991 ulionyesha kwamba, kwa mwanamke aliyewahi kupata mtoto wa namna hii, foliki asidi iliyoanzwa kabla ya mimba hupunguza kujirudia kwa tatizo kwa karibu robo tatu. Mama huyo amwone daktari kabla ya kubeba mimba nyingine, maana dozi yake ni kubwa kuliko ya wengine.

Foliki asidi inaweza pia kufika kupitia chakula: Tanzania iliagiza viwanda vikubwa virutubishe unga tangu 2011. Lakini ugali wa wengi wetu unatoka kwenye mashine ya mtaani, ambako mahindi huingia na kutoka yalivyo. Wenye mashine, vifaa vya kupimia virutubisho kwa mashine ndogo vipo. Ulizeni afisa lishe wa halmashauri, na sisi wateja tukubali nyongeza ya bei bila kununa.

Tarehe 25 Oktoba ni Siku ya Mgongo Wazi na Kichwa Kikubwa Duniani. Wenyeviti wa mitaa na vijiji, msisubiri fulana na maandamano. Ajenda iingie mkutano ujao, na katibu aandike: watoto hawa ni wangapi hapa kwetu, wanasoma wapi, na nani mwingine amefundishwa kuweka mpira siku mama anapoumwa.