AFYA YA JAMAA: Neno la Siri la Jicho

Kila aliyepata kushika lindo la usiku anaijua thamani ya neno la siri. Mtu akikaribia gizani, mlinzi humwamuru asimame alitaje. Akilitaja, hupita salama; akishindwa, huhesabiwa adui, hata akiwa ni mwenzake wa kambi moja aliyelisahau. Ndani ya jicho la mwanadamu mambo huenda vivyo hivyo, na wako wazee wanaopoteza nuru ya macho kwa sababu ya neno la siri lililofifia.

Nyuma ya jicho, kwa ndani, pana utando mwembamba uitwao retina, unaopokea mwanga na kupeleka habari zake ubongoni. Sehemu yake ya katikati, iitwayo makula, ndiyo tuitumiayo kusoma, kutunga uzi katika sindano na kutambua nyuso za watu. Chini ya retina imepangwa safu moja ya seli zenye rangi nyeusi. Hizo ni watumishi wake: huilisha, na kila siku humeza taka zake. Zikifa, mwili hauoteshi nyingine mahali pao, na seli zipokeazo mwanga hufa pamoja nazo.

Sasa tuwatazame askari. Katika damu yetu mna jeshi la protini zaidi ya 30, liitwalo komplementi. Kazi yake ni kuwatia vijidudu alama, kuziita chembe nyeupe za damu, na kuwatoboa maadui mpaka wafe. Jeshi hili halilali. Kila wakati hudondosha alama zake huku na huko, hata juu ya seli zetu wenyewe.

Je, seli za jicho hujiokoaje? Huvaa vitambulisho vyao, yaani protini ziitwazo CD46, CD55 na CD59. Ya kwanza husaidia kuiharibu alama iliyokwisha kubandikwa. Ya pili huvunja mtambo unaozidisha alama. Ya tatu huzuia tundu lisitobolewe. Aidha, ndani ya damu hupita protini nyingine, fakta H, ambayo huzitambua seli za nyumbani na kuwatuliza askari.

Umri ukisogea, ulinzi huu hulegea. Taka hujikusanya chini ya seli zile kama vifusi vidogo vya manjano, na ndani ya vifusi hivyo wataalamu wameikuta komplementi yenyewe. Mwaka 2005 vikundi kadhaa vya wataalamu wa Marekani vilitangaza kwamba watu waliorithi namna fulani ya fakta H wamo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu. Maabara zimeonyesha pia kwamba seli zilizochoshwa na sumu za oksijeni hupungukiwa na CD55 na CD59. Moshi wa sigara huleta sumu za namna hiyo, na mvutaji huongeza hatari yake mara mbili na zaidi. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Mtu asidhani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu peke yao. Ni kweli kwamba yameonekana zaidi kwao, lakini uchunguzi uliofanywa Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008, uliyakuta pia kwa wazee wa huko.

Tiba ipo kwa sehemu. Mishipa mibovu ya damu ikiota chini ya retina, sindano za jichoni huweza kuizuia, mradi mgonjwa awahi. Kwa aina ile ya pili, ambayo seli hunyauka polepole, Marekani iliidhinisha mwaka 2023 dawa mbili za kuizuia komplementi. Hizo hupunguza mwendo wa ugonjwa tu. Nuru iliyokwisha kupotea hazirudishi. Basi kinga ni bora: acheni sigara, na mboga za majani na samaki zisikose mezani.

Tena kila juma mzee na ajipime. Avae miwani yake ya kusomea ikiwa anayo, afunike jicho moja kwa kiganja, atazame mistari ya daftari. Kisha afunike la pili. Asiyapime yote mawili kwa pamoja, maana jicho zima humfichia mwenzake aibu. Mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, au pakiwa na doa la giza katikati, aende kwa daktari wa macho upesi, asingoje mwisho wa mwezi.

Nanyi akina mama na vijana nyumbani, mzee akilalamika kwamba maandishi yanacheza, msimjibu kuwa ni uzee tu. Huenda si uzee, wala si mtoto wa jicho wa kungojea kupasuliwa. Mshikeni mkono, mpelekeni hospitali angali anaziona nyuso zenu.