Ukitoa Giaboksi Umetoa na Handibreki

Wadau, leo sina siasa. Nina hasira na mafundi wetu, na zaidi na sisi wenye magari tunaowaharakisha.

Land Rover 109 ya mzee, Series III, ilikuwa inabugia petroli kwa injini yake ya cc 2,286 mpaka mzee akawa anaiosha tu, haendeshi. Nikaenda gereji moja (jina naliacha) kuulizia dizeli. Fundi hakunisubiri nimalize: "Dogo, weka injini ya Hiace na giaboksi lake lote. Hilo la Land Rover bovu, tupa."

Tupa?

Jamani, tujue kwanza tunatupa nini. Kwenye Series, boksi dogo linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma limefungwa nyuma ya giaboksi, ni kama mwili mmoja. Na breki ya mkono haiko kwenye matairi. Dramu yake iko nyuma ya hilo boksi dogo, inazuia propela shafti ya nyuma. Sasa weka giaboksi la Hiace ya kawaida. Umepoteza fowili, umepoteza gia nzito ya mlimani, na kama fundi hajakutengenezea nyingine, huna handibreki. Ndiyo maana utingo anaruka na jiwe mkononi kabla gari halijasimama, na sisi abiria tunacheka. Pandeni nalo milima ya Upare halafu mje mcheke.

Njia ipo. Bakiza giaboksi, badili injini, katikati weka adapta: bamba nene la chuma au alumini, upande huu matundu ya injini, upande ule ya giaboksi. Klachi pleti iwe na meno yanayoingia kwenye shafti ya giaboksi, na upana wake ulingane na flaiwili ya injini mpya. Ncha ya shafti inaingia kwenye kibushi mwisho wa krankshafti, na hapo ndipo kazi ilipo. Mafundi makini hawakubali vitovu viwili vipishane zaidi ya milimita 0.13 hivi. Karatasi ya daftari ina kama 0.1! Huyu wetu anayepima kwa jicho, anakata bamba kwa gesi, kisha bolti ikigoma anapanua tundu, atafika huko? Shafti inasukwasukwa kila mzunguko, kibushi kinakwisha, beringi inalia, gia zinaruka. Miezi michache baadaye wote tunaimba kwamba giaboksi za Land Rover mbovu.

Sisemi ni za chuma cha pua. Funga dizeli kubwa yenye turbo, ikanyage kwa fujo, utavuna meno. Lakini 2L ya cc 2,446 ni injini ya kiasi.

Najua mtasema mchongaji ghali. Mbona rangi na rimu mnalipa? Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover Oktoba 2024, picha zote nilizotumiwa ni za bodi. Hakuna hata moja ya uvunguni.

Mzee kaelewa. Bamba liko kwa mchongaji wiki ya pili sasa, 109 iko juu ya mawe, na fundi wangu kanuna. Anune.