Anayefuga Aoneshe Alikomtoa

Kwenye migomba na minazi ya Konde, Msuka na Wingwi anaishi mjusi wa kijani kibichi ambaye watu wa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, wamemzoea hata hawamtazami mara mbili. Hana sumu, anakula wadudu, na hana ugomvi na mtu. Wataalamu wanamwita Phelsuma parkeri, jina alilopewa mwaka 1941, na kwao ni Pemba tu. Lakini mjusi huyu huyu amefugwa na kuzalishwa Ulaya pia, ndani ya masanduku ya vioo yenye taa za kumpa joto, na watu wanamlipia kwa sababu ya rangi yake. Mwenye mgomba alikotolewa mjusi hajui kwamba kuna soko la namna hiyo, seuze kuulizwa.

Kama mtu binafsi aruhusiwe kufuga mijusi, nyoka, kobe na vyura ni mjadala mkubwa katika nchi zenye wafugaji wa namna hiyo. Wapo wanaosema kila mtu na afuge akipendacho maadamu anakitunza, na wapo wanaotaka marufuku moja kwa moja. Uingereza ina sheria ya wanyama hatari ya mwaka 1976, inayomtaka mwenye nyoka wa sumu awe na leseni. Falme za Kiarabu, wanakoishi ndugu zetu wengi, zilitunga ya kwao mwaka 2016. Sheria hizo zinamlinda jirani asidhurike, na ni jambo jema. Lakini mjusi wa Konde hamdhuru jirani yeyote. Sisi tulio upande anakotoka mnyama tuna swali zito zaidi: huyo aliye naye alimpataje, na ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumuuliza?

Tazama yaliyotokea Kimboza, msitu mdogo chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Humo anaishi mjusi mwingine, Lygodactylus williamsi, anayekaa juu ya mikadi. Dume lake ni buluu ya kung'aa, na buluu hiyo ndiyo iliyomponza. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi isiyopungua 32,310, na huenda ilifika 42,610. Mjusi akijificha katikati ya majani, walikata mkadi wenyewe ili wamfikie. Kwa hiyo msitu ulipoteza mnyama na pahala pake pa kuishi kwa mpigo mmoja. Tanzania haikuwa imetoa vibali vya kusafirisha spishi hiyo, lakini ilitoka, kwa majina ya mijusi wengine wa jamii yake. Na kwa kuwa haikuwa bado katika orodha za CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mnunuzi wa Ulaya hakudaiwa hata karatasi moja. Ulinzi wa juu kabisa, ule wa Kiambatisho cha Kwanza, ulipitishwa mwaka 2016, na kwa wakati huo shirika la uhifadhi la IUCN lilikwisha kumweka miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Mjusi wa Pemba ana bahati kidogo. Jamii yake yote ya Phelsuma imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo, maana yake anaweza kuuzwa nje lakini kwa kibali cha nchi anakotoka. Kasoro ni kwamba kibali kinamkagua mnyama wakati wa kuvuka mpaka. Akishafika, akizaa, wanawe wanahesabiwa kuwa wamezaliwa kizuizini, na si rahisi tena mtu kufuatilia kama mama yao alitoka kihalali. Kwa mnyama wa kisiwa kimoja, ambaye hana msitu mwingine wa kukimbilia, huo ni mwanya mkubwa.

Na tusidhani kwamba tatizo ni la wafugaji wa ng'ambo peke yao. Kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, kilipokea kobe wakubwa wanne kutoka Ushelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa huko. Walizaana hadi kufikia kama 200 mwaka 1955. Kisha wakaanza kupungua, kwa wizi na kwa biashara ya kuwauza kama wanyama wa kufugwa. Mwaka 1988 walibaki 100, mwaka 1990 wakawa 50, na mwaka 1996 walikuwa 7. Mwaka huo huo wakaletwa watoto 80 ili kuongeza idadi, na 40 kati yao wakapotea. Nimeziweka tarakimu hizi zote kwa makusudi. Kobe wale hawakuwa wa msituni. Walikuwa kwenye kisiwa kidogo mbele ya macho ya mji, kila mtu akijua walipo, na kobe aliyekomaa ni mzito kiasi cha kumshinda mtu mmoja kumbeba. Kama hao waliweza kuyeyuka, mjusi mdogo atapita bandarini Wete ndani ya mfuko wa shati.

Sheria tunazo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inaishia Bara, na Zanzibar ina za kwake: wanyama wa msituni wako chini ya Sheria ya Misitu Na. 10 ya mwaka 1996, na kasa yuko chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010. Mnyama akiwa mwituni au baharini mgawanyo huo unaeleweka. Ugumu unaanza anapoingia ndani ya ua wa mtu, hoteli au bwawa. Ofisa wa uvuvi yuko dikoni Tumbe, ofisa wa misitu yuko kwenye msitu wa Ngezi, na mfugaji yuko katikati yao, ambapo kila idara inaweza kuamini kwamba ni kazi ya mwenziwe.

Jambo hili litatufika Micheweni mapema kuliko tunavyodhani. Nungwi, kule Unguja, wanakijiji walianzisha bwawa la kasa mwaka 1993 kwenye ziwa dogo la maji ya bahari. Wavuvi wanaowanasa kwenye nyavu huwapeleka huko, wageni hulipa kiingilio, na kasa hurudishwa baharini. Micheweni ina Vumawimbi, ina Ras Kigomasha, na wageni wanaongezeka. Pia ni wilaya ambayo kwa miaka mingi imetajwa kuwa na umaskini mkubwa kuliko nyingine Zanzibar. Kijana wa Makangale akitaka kuchimba bwawa lake, simlaumu hata kidogo, na nisingependa sheria imfukuze. Ila kasa hawezi kuwa kitega uchumi kisicho na daftari. Aliingia lini, kaletwa na nani, ana alama gani kwenye pezi, atarudishwa lini, na nani atakuja kuhakikisha? Bwawa lisilo na majibu hayo litaanza kununua kasa, na mvuvi aliyekuwa akimwachia anaponaswa kwenye jarife ataanza kumtafuta.

Kupiga marufuku kila kitu, nako, hakutoshi. Machi 2024 Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021 walikufa watu 7, hapa hapa Pemba, kwa sababu hiyo hiyo. Mnyama aliyeliwa analindwa na sheria miaka yote hiyo. Katazo lilikuwepo, lakini halikuwa limefika jikoni likiwa na sababu zake. Familia zile zilistahili kuelezwa, tena mapema, kwamba nyama hiyo mara nyingine hubeba sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Wala kufuga peke yake si uovu. Vyura wadogo wa Kihansi, waliogunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi, walitangazwa mwaka 2009 kuwa wametoweka porini. Walinusurika kwa sababu mwaka 2000, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania, vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani na kuzalishwa katika hifadhi za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2012 walianza kurudishwa kwao. Mfano huo una nguvu kwa sababu moja: kila mmoja alijulikana alikotoka, na lengo la kumfuga lilikuwa kumrudisha.

Ndiyo maana naona mzigo wa ushahidi ubebwe na mfugaji. Serikali ikitakiwa kuthibitisha kwamba mnyama ameibwa, kwa mjusi wa gramu chache hilo haliwezekani. Aliye naye ndiye aoneshe kibali, tarehe na mahali, awe Munich, awe Dubai, awe Kigomasha. Mtoto aliyeokota kobe njiani na kumweka uani kwao asiburuzwe mahakamani. Sheha amwite mzazi, wazungumze, kobe arudishwe. Makali yaelekezwe kwa anayekusanya ili auze. Na kibali chochote cha kukamata mnyama wa Micheweni kipite kwenye shehia husika kabla hakijasainiwa mjini, kwa sababu sheha na kamati ya wavuvi ndio watakaomuona mgeni mwenye sanduku akizunguka kwenye migomba jioni. Kama kuna ada, sehemu yake ibaki huko.

Majimbo ya Konde, Tumbe, Wingwi na Micheweni yana wawakilishi wao katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Nawaomba waipeleke hoja hii Barazani: idara moja ipewe jukumu la kila mtambaazi na chura anayefugwa Zanzibar, na orodha ya wanyama wasiopatikana popote isipokuwa Pemba iandikwe ndani ya sheria, mjusi wa kijani akiwa wa kwanza.