Fidia ya Mkorosho Haiponyi Udongo

Bomba likishafukiwa, ardhi ikasawazishwa na nguzo za alama zikasimikwa, tunatangaziwa kwamba shamba limerudi katika hali yake. Nani amelipima? Kwa kipimo gani?

Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa Oktoba 2015, lina kipenyo cha inchi 36. Bomba la unene huo halizikwi kwa jembe. Makatapila na malori ya vyuma hupita palepale, kwenda na kurudi, mpaka udongo unashindiliwa na mvua inatuama juu. Mtaro ukichimbwa ovyo, udongo wa juu wenye mboji unachanganyika na ule mfu wa chini. Panda mhogo pembezoni mwa mkuza wa bomba, pale mitambo ilipopita: mzizi unagonga tabaka gumu, unajikunja, unadumaa. Hapo utamwambia nini mwenye shamba?

Mtasema hizi ni kelele za wanaharakati. Haya, twendeni Iowa, Marekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa walifuatilia shamba lililopitiwa na bomba la mafuta la Dakota Access. Misimu miwili ya kwanza, mavuno kwenye njia ya bomba yalishuka: mahindi kwa asilimia 15, soya kwa asilimia 25. Na huko udongo wa juu ulitengwa, ukarudishwa! Yapite mafuta au ipite gesi, kinachoua udongo ni mtaro na uzito wa mitambo.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Mthamini anahesabu mikorosho, minazi na kibanda, mtu anatia saini, faili linafungwa. Msimu wa tatu mavuno yakigoma, mthamini hayupo, mkandarasi hayupo.

Mei 2021, Tanzania na Kenya zilitia saini hati ya makubaliano ya kusafirisha gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Mtaro mwingine ukichimbwa, udongo upimwe kabla na baada. Wa juu ulundikwe peke yake. Mitambo isikanyage shamba lililolowa. Mkandarasi aweke dhamana ya fedha, asirudishiwe hata senti mpaka mavuno yalingane na ya shamba la jirani lisiloguswa.

Akilalamika kwamba masharti haya ni ghali, ajibiwe kwamba gharama hiyo ipo siku zote; ila mpaka sasa anayeilipa ni mkulima.