Ukomo wa Hedhi: Afya ya Mwanamke Haiishii Kwenye Uzazi

Na Mwandishi Wetu

Mwanamke wa miaka 48 anaamka usiku wa manane amelowa jasho, moyo ukimwenda mbio. Asubuhi anapima malaria na majibu yanaonesha hana. Hali inajirudia, usingizi unapungua, hasira zinakuwa za karibu, na nyumbani wanaanza kujiuliza amepatwa na nini. Mara nyingi jibu ni ukomo wa hedhi, jambo ambalo wengi wanalipitia na wachache wanalizungumza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa wanawake wengi hufikia ukomo huo wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Huthibitika baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi, pasipo sababu nyingine kama ujauzito, kunyonyesha au maradhi. Chanzo chake ni ovari kupunguza uzalishaji wa homoni ya estrojeni. Hivyo si ugonjwa, wala si mkosi. Dalili zake, zikiwemo joto la ghafla, jasho la usiku, hedhi isiyotabirika, ukavu ukeni na mabadiliko ya hisia, zinaweza kuanza miaka kadhaa kabla.

Umri huo ndio unaolipa suala hili uzito wa kitaifa. Kwa mtumishi wa umma, kustaafu kwa hiari huanza miaka 55 na kwa lazima ni miaka 60. Maana yake ni kwamba mabadiliko haya humkuta mwanamke akiwa bado kazini, shambani au sokoni, mara nyingi akiwa tegemeo la familia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukomo wa hedhi haukutajwa humo. Hata hivyo, sheria hiyo inatoa likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, kwa cheti cha daktari. Mwanamke ambaye dalili zimemzidi ana njia ya kupumzika kihalali, ilimradi afike kituo cha afya na hali yake iandikwe.

Kufika kituoni kuna manufaa mengine. Wapo wanaosaidiwa na tiba ya homoni, ambayo haimfai kila mtu. Mwenye historia ya saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa anahitaji ushauri wa daktari kuhusu njia nyingine. Zipo pia dawa zisizo za homoni, vilainishi vya uke na ushauri wa kisaikolojia. Kwa kuwa estrojeni ikipungua mifupa hudhoofika na hatari ya maradhi ya moyo huongezeka, mazoezi, maziwa, dagaa, mboga za majani, kuacha sigara na kupima shinikizo la damu ni kinga ya miaka ijayo.

Mambo mawili hayapaswi kupuuzwa. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma ichunguzwe mapema, kwani inaweza kuwa dalili ya saratani. Aidha, katika kipindi cha mpito mimba bado inawezekana, hivyo uzazi wa mpango usiachwe bila ushauri. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, uchunguzi wa kitaalamu ni wa lazima.

Huduma nyingi tayari zipo karibu na wananchi. Mama anayekwenda kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi anaweza kuulizwa pia kuhusu usingizi na joto la ghafla. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetembelea kaya kwa ajili ya mjamzito anaweza kuzungumza na bibi aliye nyumba hiyo hiyo. Mume naye, akielewa kinachoendelea, ataacha kulaumu na kumsindikiza mkewe kituoni. Hatua hiyo haihitaji kusubiri waraka wowote.