Joto la giaboksi na mbolea inayokwama Kitonga

Tangu Serikali ilipoanzisha ruzuku ya mbolea mwaka 2022, mjadala mwingi nchini umekuwa juu ya bei ya mfuko, usajili wa wakulima na umbali wa wakala. Ni mjadala wa haki. Hata hivyo, mbolea inayoshushwa bandarini Dar es Salaam humfikia mkulima wa Iringa, Njombe au Mbeya baada ya lori kutoka usawa wa bahari na kupanda zaidi ya mita 1,500. Sehemu ngumu ya safari hiyo ni Mlima Kitonga. Lori likilala pale na giaboksi iliyoungua, ruzuku haimsaidii mtu kwa siku hizo.

Na siku hizo ni za thamani. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba. Lori la tani 10 hubeba mifuko 200 ya kilo 50. Kwa mfuko mmoja wa kupandia kila ekari ya mahindi, huo ni mzigo wa ekari 200. Ukichelewa, mkulima ama anapanda bila mbolea, ama anasubiri na kupanda nje ya wakati, na kwa vyovyote gunia zinapungua. Mwenye duka la pembejeo aliyekopa ili anunue mzigo huo anaendelea kuhesabiwa riba huku wateja wake wakihamia duka la pili.

Madereva wengi huangalia geji ya joto la injini wakidhani inawaambia hali ya gari zima. Sivyo. Katika malori mengi ya gia za mkono, giaboksi ina oili yake, haipozwi na maji ya rejeta, na mshale wa injini unaweza kukaa palepale wakati boksi inachemka. Lori lenye shehena likipanda kwa gia ndogo, injini inasukuma kwa nguvu zote lakini gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Meno ya gia yanagandamizana, oili inapigwapigwa, na upepo wa kupoza boksi haupo. Tope lililokauka juu ya boksi nalo hufanya kazi ya blanketi. Oili ikiwa pungufu ni hatari, na ikizidi pia ni hatari, kwa sababu hutoa povu na kuongeza joto. Wapo mafundi wanaojaza kupita kiasi wakiamini wanamsaidia mteja.

Oili ya kawaida ya giaboksi ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 120 za Selsiasi huanza kuharibika. Kanuni ya jumla ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya oili karibu nusu. Kwa hesabu hiyo, oili iliyozoea nyuzi 110 ikipanda hadi 130 inazeeka mara nne zaidi. Zikifuata sili na beringi, fundi wa kando ya barabara hana la kufanya.

Safari ya kurudi nayo ina mtego wake. Lori lililopakia nyanya za Ilula hushuka mlima uleule, na baadhi ya madereva huweka gia huru, wanayoiita frii, ili kuokoa dizeli. Kwanza breki hubaki peke yake. Pili, injini ikizunguka taratibu, gia za chini zinazorusha oili nazo huzunguka taratibu, wakati shafti inayounganishwa na magurudumu inakwenda kasi. Lita chache za dizeli hazilingani na boksi, sembuse roho za watu.

Dawa ya kwanza ni geji ya joto la oili ya giaboksi. Sensa yake hufungwa kwenye tundu la boksi, mara nyingi mahali pa plagi ya kumwagia oili, na waya hupandishwa hadi dashibodi. Kwa gari la gia za kujiendesha, sensa hufaa pia kwenye bomba linalotoka kwenye boksi kwenda kwenye kipozeo, kwa kuwa hapo mabadiliko huonekana mapema. Gari la aina hiyo likipata joto, dereva asimame mahali salama, aweke gia huru, afunge breki na kuacha injini iunguruma kidogo ili oili izunguke kwenye kipozeo. Kitonga penyewe si pa kusimama. Mshale usomwe Ruaha Mbuyuni, kabla ya kupanda.

Kwa nini basi geji hizi ni adimu? Jibu liko kwenye mkataba wa usafiri. Mwenye lori analipwa kwa safari au kwa mfuko. Gari likiharibika, hasara yake ni matengenezo. Hasara ya msimu ni ya mwenye mbolea na wateja wake. Anayeweza kununua geji siye anayeihitaji zaidi. Dereva anayelipwa kwa safari naye hana sababu ya kusimama saa nzima eti mshale umepanda.

Wafanyabiashara watatu au wanne wanaochangia lori moja, au chama cha msingi cha ushirika, wana nguvu ya kubadili hilo. Waulize oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, na waandike kwamba lori likikwama zaidi ya saa 24, gharama ya kufaulisha mzigo ni ya mwenye gari. Sharti hilo likishakuwapo, mwenye lori mwenyewe ataitafuta geji, na atamruhusu dereva wake kusimama. Maandishi hayo yafanyike Septemba, kabla mahitaji ya malori ya kupandisha mbolea hayajapanda. Desemba, mwenye lori ndiye anayepanga masharti.