Nunua Halali, Uletewe Mwizi Nyumbani

Mzazi anapomwambia mwanawe, "Usinunue CD ya kuchakachua, hiyo ni jasho la mtu, nenda dukani ukanunue ya halali," amesema kweli. Sasa hebu tuone yaliyowapata waliolifuata neno hilo kule Marekani mwaka 2005.

Kampuni ya Sony BMG iliuza CD za muziki zenye programu ya kuzuia kunakili, XCP, iliyotengenezwa na kampuni ya Uingereza iitwayo First 4 Internet. Ukiitia CD kwenye kompyuta ya Windows, inakutaka ukubali masharti. Ukishabonyeza, programu inaingia ndani ya kompyuta yako na kujificha. Tena haijifichi peke yake: faili lolote ambalo jina lake linaanza na $sys$, mwenye kompyuta halioni tena!

Ni sawa na kununua kitanda, usiku ukamkuta seremala amelala uvunguni. Ukimuuliza, anakujibu: "Nahakikisha hukiigizi kitanda changu." Na mlango wa nyuma ameuacha wazi.

Aliyemvumbua seremala huyu ni mtaalamu Mark Russinovich, aliyetangaza habari hizo tarehe 31 Oktoba 2005. Alipojaribu kumtoa, kompyuta yake ikaacha kuitambua hata sehemu ya kuwekea CD. Mgeni kuondoka hataki, na akifukuzwa anang'oa mlango! Hazikupita wiki mbili, virusi vikajitokeza vikijificha chini ya mwavuli uleule wa $sys$.

Kampuni ilisemaje? Mkuu wake mmoja, Thomas Hesse, alisema redioni kwamba watu wengi hata hawajui programu za namna hiyo ni kitu gani, basi kwa nini wajali? Hoja tamu kweli! Kwa hiyo aliyetiliwa sumu asiyoijua jina, anyamaze tu, ale chakula chake.

Wakatoa dawa ya kuiondoa programu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton wakaonyesha kuwa dawa yenyewe inafungua tundu jingine la kuingilia wezi. Na kubwa kuliko yote, wataalamu wakakuta ndani ya XCP vipande vya programu za watu wengine, vilivyotumiwa bila kufuata masharti ya wenyewe. Mlinzi wa haki za kunakili, naye kanakili! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Novemba hiyohiyo CD zikaondolewa madukani. Mwaka 2007 kampuni ikakubaliana na serikali ya Marekani kuwalipa hadi dola 150 wale ambao kompyuta zao ziliharibika.

Sasa tujiulize, kufuli hili lilimfunga nani? Aliyeiba wimbo kwenye intaneti aliupata wimbo mtupu, hana masharti wala mdudu. Aliyetoa pesa yake halali ndiye aliyefanywa mshukiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hatusemi watu waibe. Wizi ni wizi, na msanii ana haki ya kula jasho lake. Lakini haki ya muuzaji hailindwi kwa kumdhulumu mnunuzi. Anayetaka tuheshimu mali yake aanze yeye kuheshimu ya kwetu. Na nyinyi vijana wetu, kabla hamjabonyeza "Nakubali", someni kwanza. Mwulizeni huyo mgeni anakwenda kulala wapi.